Kiangazi: Kichanja, Kikapu na Uji wa Mtoto



Mvua imekwisha, mavuno yameingia na jembe limepumzika kidogo. Sasa ni miezi ya kazi za mikono. Kule Iringa akina mama wanakata milulu mabondeni, wanaianika, kisha wanasuka vikapu. Pwani watu wanachana ukindu na kusuka mikeka. Wengine wanatengeneza vihenge na nyungo. Somo letu la leo linahusu kazi hizo pamoja na chakula cha mtoto mdogo. Mambo haya mawili tunayaweka pamoja kwa sababu yanakaa nyumba moja.

Tuanze na kazi ya akina baba, maana mara nyingi masomo ya lishe huwaacha kando. Kazi hiyo ni kichanja cha kuanikia mahindi na karanga.

Kwa nini kichanja? Kwa sababu ya sumukuvu. Kuvu ni ule ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Kuvu wa aina fulani hutoa sumu. Sumu hiyo huwezi kuiona kwa macho, wala kupika hakuimalizi. Huharibu ini, na mtoto anayeila kidogo kidogo kila siku anaweza kudumaa. Ikiwa nyingi, inaua. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara. Watu waliugua na wengine wakafa, watoto wakiwemo. Chakula kilichowadhuru kilikuwa mahindi ya nyumbani, chakula cha kila siku.

Mahindi yaliyomwagwa chini hunyonya unyevu wa udongo, na kuvu wanaishi humo udongoni. Basi, simika nguzo nne zenye panda, urefu wa kufika kiunoni. Laza miti miwili, halafu panga fito na uzifunge kwa kamba. Juu tandika jamvi au matete. Upepo upite juu na chini. Jioni funika, umande usilowanishe. Kuku na mbuzi watakulaumu, lakini hiyo ni shauri yao.

Je, utajuaje kama mahindi yamekauka? Wazee huuma punje kwa jino, na si vibaya. Lakini kuna njia nyingine. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia punje mpaka ifike theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa. Iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe kichanjani. Chumvi isiposhika, weka ghalani.

Kabla ya kusaga, kaa na ungo wako uchambue. Punje iliyooza, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye ukungu, itupe. Karanga vilevile. Tunajua inauma kutupa chakula. Lakini zile karanga mbovu ndizo watu wengi husaga kwa ajili ya uji wa mtoto, ati kwa kuwa haziuziki sokoni. Hapo ndipo tunapokosea sana. Mtoto ndiye apewe zilizo nzima.

Sasa tuje kwenye uji wenyewe. Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Baada ya hapo anaanza kula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Tumbo lake ni dogo kama ngumi. Ukimpa uji mwepesi kama maji, atashiba maji. Ukimpa mzito, hawezi kuumeza. Tufanyeje?

Dawa yake ni kimea. Ninyi mnaopika pombe mnakijua sana, tena kuliko sisi! Osha ulezi au mtama, loweka mpaka kesho yake, mwaga maji. Tandaza kwenye gunia safi lenye majimaji, funika siku mbili au tatu mpaka uchipue. Ukiona ukungu, tupa wote. Ukichipua vizuri, anika juani, kisha sugua na kupepeta ili vichipukizi na mizizi vyote vitoke. Kwa mtama ni lazima kabisa, kwa maana vichipukizi vyake vina sumu. Halafu saga.

Pika uji mzito, epua, upoe kidogo. Tia kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea, koroga. Utashangaa: uji unalainika wenyewe bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena kidogo. Mtoto anameza vizuri, na chakula kiko pale pale. Ongeza karanga nzuri zilizopondwa au maziwa. Wapo wanaochanganya nafaka saba kwenye mfuko mmoja na kuita uji wa lishe. Hatuoni haja. Nafaka moja, kunde au karanga, mboga za majani na tunda vinatosha, na hivyo vyote viko kijijini.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati kama ndizi au papai. Hapa ndipo kikapu kinapoingia. Mama akishika milulu asubuhi, mchana unapita bila kujua. Kikapu kina fedha, na fedha inahitajika, hatubishi. Basi wanaosuka pamoja chini ya mti wapokezane. Leo mmoja apike uji wa watoto wote, kesho mwingine. Visu na sufuria ya rangi ya moto viwe mbali na watoto.

Mtoto akikonda, au nywele zikififia rangi, au miguu ikivimba na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Majirani watasema amebemendwa, kwamba wazazi hawakutunza mwiko. Maneno hayo yanawafanya wazazi wafiche mtoto ndani kwa aibu, na mtoto anafia humo. Huo ni utapiamlo, na unatibika. Kule zahanati watampima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono usiofika sentimeta 11.5 ni hatari, rangi nyekundu.

Jambo la mwisho ni la kalamu. Kwa kuwa sasa tunajua kuandika, bandika karatasi kwenye kopo: "Kimea. Tarehe 12 Agosti." Unga wa zamani usichanganywe na mpya. Na wiki hii kikundi chenu kipitishe ile chupa ya chumvi nyumba tatu, mwandike daftarini: nyumba ya nani, mahindi ya kichanjani au ya chini, chumvi imeshika au haikushika.