Amana ya Wasioweza Kujisemea

Ndugu zetu, nyumba ya malezi haipimwi kwa uzuri wa jengo wala wingi wa ada. Karibu na Bristol, Uingereza, palikuwa na hospitali ya binafsi, Winterbourne View, ikiwatunza watu wazima wenye ulemavu wa akili kwa wastani wa pauni 3,500 kwa juma. Muuguzi mmoja alionya, hakusikizwa. Mwaka 2011 televisheni ya BBC ikaonyesha wagonjwa wakipigwa na kudhihakiwa. Mwaka 2012 watumishi 11 walihukumiwa, 6 wakafungwa.

Basi twasema: mwenye kumpeleka jamaa yake huko hajajivua amana. Na amzuru bila ya kutoa habari, akae naye faragha, kisha amwulize mtumishi: huyu hupenda nini? Asiyejua hamlei, amemweka tu, kama mzigo ghalani.