SOMO: Aliyekimbia Vita Naye Ana cha Kutoa

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamezitoa familia nyingi mashambani. Wengi waliofika Butembo wamepokelewa katika nyumba za wenyeji, si kambini. Hapo mtu anapewa chumba, unga, nguo, siku kwa siku. Kupokea tu kunachosha moyo.

Kati ya Vuhovi na Butembo tumeona mama wakimbizi wakipanda lengalenga ndani ya gunia la udongo, kando ya jiko, maana mjini shamba hakuna. Wiki chache baadaye mama anachuma, anampelekea mwenye nyumba fungu moja. Siku hiyo anasalimia kwa sauti nyingine. (Mwenye nyumba asikatae, hata kama anazo zake!)

Na nyimbo vilevile. Kwaya ikipokea mgeni, imwombe afundishe wimbo wa kijiji chake. Watoto wachore mto na migomba waliyoiacha, kwa makaa kama kalamu hakuna. Wasilazimishwe kuchora vita.

Viongozi, mnapoandika orodha ya msaada, ulizeni pia: huyu anajua kufanya nini?

Swali la kikao: mtaani kwetu, nani hajaombwa kitu chochote tangu afike?