Roketi ya Maji: Kuiunda, Kuirusha na Kuitengeneza

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilipeleka angani setilaiti ambayo, kwa heshima ya siku hiyo, ilipewa jina la Uhuru. Nayo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksi itokayo kwenye nyota. Jukwaa lile lilirusha setilaiti yake ya mwisho mwaka 1988. Scout ilikuwa na hatua 4 zilizowaka moja baada ya nyingine. Hatua iliyokwisha kazi ilitupwa, na bahari ndiyo iliyokuwa uwanja wa kuangukia. Hakuna aliyetazamia kuirusha mara ya pili.

Roketi ya shule yapasa irudi nzima. Katika uwanda wa Dodoma hakuna bahari ya kuipokea. Kuna ardhi ngumu, nyumba, mifugo na watoto. Tena darasa linalopoteza roketi yake katika mruko wa kwanza huwa limejifunza kidogo tu. Somo hili lahusu roketi inayosukumwa na maji na hewa iliyoshindiliwa. Roketi za baruti na kemikali nyingine ni kazi ya wataalamu wenye kibali, na mwalimu asikubali kamwe zichanganywe katika maabara ya shule. Nyasi za Ugogo zikisha kukauka, cheche moja yatosha.

Mwili wa roketi ni chupa ya plastiki ya lita 1.5. Ichaguliwe chupa ya soda, si ya maji ya kunywa, kwa kuwa ile ya soda imeundwa kuhimili kanieneo ya gesi. Mdomo wake utazame chini na uzibwe kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa vali ya tyubu ya baiskeli. Waya mnene uliokunjwa mfano wa herufi U ushike ukingo wa shingo ya chupa juu ya ubao, na uvutwe kwa kamba ya mita 10. Mapezi 3 yakatwe katika plastiki ya dumu kuukuu na yagandishwe karibu na mdomo. Upande wa juu pagandishwe mkono mfupi wa plastiki, ambamo parachuti hukunjwa, na juu yake pakae pua bila kubanwa, ila ifungwe kwa uzi isipotee. Udongo wa kuongeza uzito ubandikwe katika mkono huo, usiwekwe katika pua. Mara maji yaishapo, hewa huuzuia mwili mwepesi kuliko pua nzito, na pua ingechomoka kabla ya wakati wake.

Jaza maji theluthi moja ya chupa, yaani nusu lita, kisha pampu hadi kanieneo ya kilopaskali 300 juu ya ile ya hewa, takriban ratili 44 kwa inchi ya mraba katika geji. Kasi ya maji yatokayo ni kipeuo cha pili cha 2 × 300,000 ÷ 1,000, yaani mita 24.5 kwa sekunde. Mdomo wenye eneo la sentimita mraba 3.7 hutoa kani ya mwanzo ya nyutoni 222. Roketi na maji yake ina masi ya kilo 0.65 tu, uzito wa nyutoni 6.4, hivyo kani hiyo ni takriban mara 35 ya uzito wake, na maji yote hutoka kwa muda ulio chini ya moja ya kumi ya sekunde. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu hii hahitaji kuambiwa mara mbili asiinamie roketi iliyokwisha kupampiwa.

Kuruka wima ni suala la vitovu viwili. Kitovu cha uzito hupatikana kwa kuisawazisha roketi tupu juu ya kidole. Tupu, kwa sababu karibu safari yote huenda bila maji. Kitovu cha kani za hewa hukadiriwa kwa kukata umbo la ubavu wake katika kadibodi na kulisawazisha juu ya ukingo wa rula. Cha kwanza sharti kiwe mbele ya cha pili kwa upana wa chupa angalau, yaani sentimita 9. Kisha funga uzi penye kitovu cha uzito na uizungushe roketi juu ya kichwa. Ikitangulia kwa pua, itaruka sawasawa. Ikiyumba au ikitangulia kwa mkia, isirushwe.

Parachuti nzuri hutoka katika kitambaa cha mwavuli mbovu. Hapa Dodoma, mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, densiti ya hewa katika nyuzi 25 za selsiasi ni kama kilo 1.04 kwa mita ya ujazo. Pwani ni 1.18. Roketi ya gramu 150 yenye parachuti ya kipenyo cha sentimita 45 hushuka pwani kwa mita 4.4 kwa sekunde, na Dodoma kwa 4.7. Ikiwa imefika mita 40, itaelea sekunde 8.5, na upepo wa mita 6 kwa sekunde utaibeba mita 51. Katika kiangazi upepo huo hutoka mashariki au kusini-mashariki. Kwa hiyo irushwe asubuhi upepo ungali dhaifu, kutoka upande wa mashariki wa shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mbali na migunga: miiba yake hupasua kitambaa.

Roketi ikirudi, ikaguliwe kabla ya kusifiwa. Pezi lililong'oka shinani laonyesha udhaifu wa gundi. Lililovunjika katikati laonyesha udhaifu wa plastiki. Chupa yenye ufa, mkwaruzo mzito au mkunjo mweupe haitengenezwi, hutupwa. Ukiwa na shaka nayo, ijaze maji hadi juu ndipo uipampu: maji hayashindiliki kama hewa, hivyo chupa ikipasuka hutoa maji tu, hairushi vipande.

Wengi huteleza baada ya matengenezo. Gundi na utepe wa gramu 12 mkiani, sentimita 25 nyuma ya kitovu cha uzito, huwa na momenti ya 300 na hukirudisha kitovu hicho nyuma karibu sentimita 2. Roketi iliyoruka vizuri jana huweza kupinduka leo. Dawa yake ni gramu 15 za udongo, sentimita 20 mbele ya kitovu, kisha jaribio la uzi lirudiwe. Lakini sasa roketi ina gramu 177, na kasi ya kushuka imepanda kutoka mita 4.7 hadi 5.1. Ili kuirejesha ilivyokuwa, parachuti ikatwe upya kwa kipenyo cha sentimita 49.