SOMO LA WIKI: Gesi ikigunduliwa, pesa huja lini?

Mfanyabiashara wa Mshangano, Songea, akisikia redioni kwamba gesi imegunduliwa Kusini, hutamani kuwahi. Anunue kiwanja Lindi? Anunue hisa? Kabla hajatoa akiba yake, na aangalie kwanza historia.

Kampuni ya Agip ya Italia iligundua gesi Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Ile ya Mnazi Bay ilifika jijini humo mwaka 2015, baada ya bomba kubwa kukamilika.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Mafuta hutiwa kwenye pipa yakapakiwa lori. Gesi huhitaji bomba, na hakuna atoaye mtaji wa bomba kabla mnunuzi mkubwa hajatia saini. Miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, kitu ambacho mkulima wa mahindi wa Ruvuma angekifurahia. Hakikujengwa. Ukame wa miaka ya 1990 ulipokausha mabwawa na kuleta mgawo wa umeme, ndipo soko likaonekana: mitambo ya umeme.

Songea yenyewe iliendelea kutegemea jenereta za dizeli hadi ilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018. Leo umeme wa gesi ni sehemu ya ule unaopita katika gridi hiyo.

Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa bahari kuu, na hazina ya nchi inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Hiyo ya bahari kuu bado haijaanza kuuzwa.

Sasa piga hesabu. Ukikopa Sh. 1,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, bila riba juu ya riba, katika miaka 30 riba peke yake ni Sh. 4,500,000. Kiwanja chako kitapanda bei kiasi hicho?

Kwa hiyo, ukisikia habari ya gesi, uliza maswali matatu: Mnunuzi ni nani? Mkataba umesainiwa? Nani analipia bomba? Majibu yakikosekana, usiweke humo fedha ya mkopo wala ada ya watoto. Mtaji wako wa duka uache dukani.