Dondoo muhimu: Pawasaplai na feni za kompyuta kuukuu

Julai huleta baridi Karatina, lakini vumbi jekundu la kiangazi, Januari na Februari, huziba feni na kuifanya kompyuta ya mezani ichemke.

• Kuzima. Waya wa umeme uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe: kapasita zake huhifadhi umeme wa hatari.

• Kuchagua. Wati za pawasaplai mpya zisipungue za ile ya zamani. Pini za plagi ya ubao mama zihesabiwe: 20 au 24. Baadhi ya kompyuta za Dell na HP zina umbo au plagi za kipekee, hivyo pawasaplai kuukuu ipelekwe dukani ilinganishwe.

• Volti. Umeme wa Kenya ni volti 240. Pawasaplai ikiwa na swichi ya 115 na 230, iwekwe 230 kabla ya kuwasha.

• Kupoza. Vumbi lipulizwe kwa blowa, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ifutwe, na mpya ipakwe kiasi cha punje ya mchele.

• Mahali. Nyuma ya kompyuta ibaki nafasi ya sentimita 10 hivi, hewa moto itoke.