BOMBA LA MOSHI NA KABURETA: SOMO KWA WENYE PIKIPIKI

Mwenye pikipiki ya kuchukua abiria akitaka nguvu zaidi, mara nyingi jambo la kwanza alifikirialo ni kubadili bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Wengine hutoboa matundu katika sailensa, yaani ile sehemu nene ya kuzuia kelele. Wengine huikata kabisa na kuunga bomba fupi lililo wazi. Pikipiki hunguruma sana, na mwenyewe hurudi kazini akiamini ya kuwa amepata nguvu. Lakini huenda baada ya muda injini ikaanza kupata moto kupita kiasi, vali zikaungua, na fedha iliyowekwa kwa kulipa deni la pikipiki ikaishia kwa fundi. Hasara hiyo yatokana na kutojua ya kwamba bomba la moshi na kabureta hufanya kazi pamoja. Abadiliye kimoja hana budi kukipima cha pili.

Kazi ya Kabureta

Petroli haiwezi kuwaka pasipo hewa. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, huhitajiwa hewa kilo 14.7 hivi. Injini hutoa nguvu zake nyingi hewa ikipungua kidogo, kama kilo 12 na nusu au 13. Kabureta ndiyo mpimaji. Hewa ivutwayo na pistoni hupita mahali pembamba, mwendo wake ukaongezeka na msukumo wake ukapungua. Ndipo petroli inapopanda kutoka katika kibakuli chake na kupita katika tundu dogo liitwalo jeti.

Tundu hilo lilipimwa kiwandani kulingana na bomba la moshi lililokuja na pikipiki. Moshi ukipata njia nyepesi, huenda hewa nyingi zaidi ikaingia, na jeti ile ile isitoe petroli ya kutosha. Mchanganyiko huwa mwepesi, nao ni hatari, kwa maana huwaka polepole na kuzidisha joto katika vali na pistoni.

Kelele si Nguvu

Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Katika injini ya mapigo manne, kama zilivyo nyingi za uchukuzi, moshi hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho husafiri katika bomba kama wimbi. Likifika mwisho, sehemu yake hurudi ikiwa ni mvuto. Ukirudi kwa wakati wake, wakati vali zote mbili zingali wazi kidogo, mvuto huo huondoa moshi uliobaki na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Wakati huo hutegemea urefu wa bomba. Bomba likikatwa ovyo, msaada huo huhamia kwenye mwendo wa kasi sana, na injini huweza kupoteza nguvu katika mwendo wa chini. Nayo ndiyo nguvu aitakayo mtu apandaye mlima na gunia la viazi.

Hata hivyo, bomba lililopimwa sawasawa laweza kuongeza nguvu. Katika Ujerumani ya Mashariki, miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ alitengeneza mabomba yenye tumbo pana kwa injini za mapigo mawili. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya mashindano, yenye sentimita za ujazo 125 tu, ilitoa nguvu za farasi 25 hivi. Alifika hapo kwa kupima na kujaribu tena na tena. Wala bomba la namna ile haliifai injini ya mapigo manne.

Namna ya Kurekebisha

Kwanza, zikaguliwe sehemu nyingine. Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi iliyochakaa, nafasi ya vali isiyo sawa, au gasketi inayovuja mahali bomba linapoungana na injini, kila moja huharibu mwendo. Pengine pikipiki iliyosafishwa chujio haitahitaji bomba jipya.

Pili, namba ya jeti ya zamani na hesabu ya mizunguko ya skrubu ziandikwe kabla ya kugusa kitu. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa mara moja.

Tatu, ijulikane ni sehemu ipi itawalayo. Tangu injini inaponguruma pasipo kwenda mpaka mafuta yafunguliwe robo, kazi ni ya jeti ndogo na skrubu yake. Kutoka robo hadi robo tatu, ni ya sindano. Zaidi ya hapo, ni ya jeti kubwa. Kwa jeti za aina moja, namba ikiwa kubwa, petroli ni nyingi. Kibanio cha sindano kikishushwa, sindano hupanda na petroli huongezeka. Skrubu iliyo upande wa injini kwa kawaida hupima petroli, nayo huongeza ikifunguliwa. Iliyo upande wa chujio hupima hewa, na kuikaza ndiko kunakoongeza petroli.

Nne, pikipiki ijaribiwe ikiwa imepata joto, juu ya mwinuko usio na watu, kwa gia ya chini, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Kisha injini izimwe mara moja, iachwe ipoe, na plagi itolewe. Rangi ya kahawia nyepesi ni dalili njema. Nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya petroli chache. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli nyingi. Plagi ikiwa nyeusi na kulowa oili, huenda ringi au sili za vali zimechakaa, wala hakuna jeti iwezayo kuponya ugonjwa huo.

Kazi hii yafanywa mahali pa wazi. Moshi wa petroli una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu ndani ya nyumba iliyofungwa.

Pwani na Bara

Nchi yenyewe nayo ina neno lake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika sita kuliko ya Mombasa. Pikipiki yenye kabureta iliyopimwa Mombasa, ikipelekwa Limuru, hula petroli nyingi na kutoa masizi. Iliyopimwa Limuru ikishuka Mombasa hukosa petroli na kupata moto. Mwenye kuhama apime tena.

Pikipiki zenye kupulizia petroli kwa nguvu za umeme hazina jeti. Kipimo chake hufanywa na kompyuta ndogo, na nyingine zina kifaa cha kupima moshi ndani ya bomba. Hizo zapasa kupelekwa kwa fundi mwenye vyombo vyake.

Tena, Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kuzuia makelele na mtetemo wa kupita kiasi. Kuna na mgonjwa aliyelala, na mtoto asomaye karibu na barabara. Mwenye pikipiki aliyeacha sailensa mahali pake, akasafisha chujio na kupima kabureta, hupanda mlima ule ule pasipo kuwaamsha, na jioni fedha yake ingali mfukoni.