SOMO LA KILIMO: KUHUISHA UDONGO WA MATUTA YA MBOGA KABLA YA MASIKA

Katika vijiji vya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kabichi, karoti na viazi mviringo hulimwa kwenye matuta milimani. Mavuno yakiisha, mkulima hulikuta tuta lake limebonyea kuliko siku lilipotengenezwa. Wengi hudhani kwamba udongo umechukuliwa na mvua, nao huchimba mwingine pembeni wakauongeza juu. Pengine ni kweli mvua imechukua. Lakini mara nyingi kilichopungua zaidi ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, ambayo vijidudu vya udongoni huila mwaka mzima. Mboji ikiisha, udongo hushikamana, maji hupita juu bila kuingia, na mbolea ya chumvichumvi iliyochukuliwa kwa mkopo huteremka nayo mtoni. Kabichi hazifungi, na deni la chama hubaki pale pale.

Kosa la kuchimba chini sana lina historia yake katika milima hiyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga ngazi kwenye miteremko, na mahali pengi kazi hiyo ilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu. Mazao yakawa duni, chuki ikaongezeka, na mwaka 1955 palitokea ghasia Matombo. Jembe la mkono, basi, lisizidi sentimita 15 hadi 20. Udongo mweusi wa juu ubaki juu.

Chakula cha tuta ni samadi iliyooza. Mgeta imebahatika: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, walipoletwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe, kaya nyingi hufuga katika mabanda yaliyoinuliwa, na samadi hudondoka chini ya sakafu ya fito ikawa rahisi kukusanywa. Lakini samadi mbichi ni adui wa miche. Huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu, na karoti zikioteshwa humo hugawanyika vidole na kukataliwa sokoni. Ilundikwe pamoja na majani, ifunikwe isinyeshewe, igeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kuipima ni rahisi: fimbo ichomekwe katikati ya lundo, iachwe kitambo, kisha ichomolewe. Ikiwa ya moto, lundo bado linafanya kazi. Samadi iliyo tayari haina harufu kali na hupukutika mkononi.

Mabua ya mahindi yasifukiwe mabichi juma la kupanda, kwa maana vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni, na miche huwa ya manjano. Mabaki ya kabichi au nyanya zilizokuwa na ugonjwa yasitiwe katika lundo kabisa. Majivu yafaa kwa kiasi kidogo, lakini yasichanganywe na samadi, kwani hupoteza naitrojeni yake hewani.

Kuhusu kipimo: tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 hutosheka kwa madebe 10 ya lita 20, ambayo yakisambazwa sawasawa hufanya tabaka la sentimita 2. Kazi hiyo ifanywe mwezi Februari. Kwanza donge la udongo liminywe mkononi. Likinata na kung'aa, mkulima asubiri likauke, maana udongo mbichi ukilimwa huwa kama tofali. Samadi ichanganywe na udongo wa juu, tuta lisawazishwe kwa reki, kisha lifunikwe kwa nyasi kavu mpaka siku ya kupanda. Mvua kubwa ya kwanza ya Machi ikilikuta tuta tupu, kazi yote hupotea kwa mchana mmoja.

Kabichi zitangulie kwenye samadi mpya. Karoti zifuate msimu wa pili juu ya tuta lile lile bila kuongezewa nyingine.

Wapo wanachama wenye mboga wasio na mbuzi, na wapo wenye mbuzi wasiolima mboga. Kamati ya chama cha msingi yaweza kuandikisha samadi mwezi Novemba, kupanga bei kwa debe, na kumlipa mfugaji mboga zinapouzwa.